Mara ya kwanza kuona wachezaji wakipiga goti ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Fundi_Redio (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Juzi kijiweni tumezozana mpaka kahawa ikapoa. Kijana mmoja kasema wale wachezaji wa Uingereza waliokuwa wanapiga goti kabla ya mechi kupinga ubaguzi wa rangi walikuwa wanaigiza tu, ndiyo maana siku hizi hatuwaoni kila wiki. Wakamrukia watu watano kwa mpigo. Nusu saa baadaye nikagundua kila mmoja anabishania goti lake, alilolionea sehemu yake na watu wake. Kwa hiyo hapa nataka visa. Ulikuwa wapi, na nani, nini kilisemwa. Maoni matupu mpeleke jukwaa la siasa.

Nianze mimi. 17 Juni 2020, Aston Villa na Sheffield United, mechi ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza tangu corona iisimamishe. Mnakumbuka wakati ule nchi nzima ilikuwa Villa kwa ajili ya Samatta, hata sisi ambao Januari tulikuwa hatujui jezi yao ina rangi gani. Saa mbili usiku, kibanda umiza cha Tandika kimejaa, feni moja inazungusha joto lilelile. Refa akapuliza filimbi, wachezaji wote chini, goti moja. Refa naye chini. Jukwaani hakuna mtu, kwa hiyo hata sauti hakuna. Mwenye kibanda akainuka akakipiga kofi king'amuzi, akidhani picha imeganda.

Halafu mgongoni hakuna jina la mtu, wote wameandikwa Black Lives Matter, yaani maisha ya watu weusi yana thamani. Jamaa pembeni yangu: "Huyu mchezaji mpya mbona kila namba ni yake?" Tulicheka sana. Nyuma mzee mmoja akasema wanamwombea Mmarekani yule aliyekandamizwa shingoni na polisi. Kimya kidogo, mpira ukaanza. Lakini niseme ukweli, usiku ule tulivyotoka hakuna aliyeongelea goti. Tuliongelea goli la Sheffield lililokataliwa: kipa Nyland kadaka faulo akaingia nayo golini, na saa ya refa, ile inayomjulisha mpira ukivuka mstari, haikulia.

Mjukuu_wa_Bukoba

Mkuu umenikumbusha bibi yangu, Mungu amrehemu. Sisi Wahaya kupiga goti si kitu kigeni, mwanamke anamsalimia mkubwa akiwa chini, na anabaki pale mpaka aitikiwe. Sasa 2020 nilikuwa nyumbani kijijini, nimefungua televisheni, wachezaji wakashuka. Bibi anachambua maharage. Akatazama, akaniuliza, "Wanamsalimia nani?"

Nikaanza kueleza ubaguzi, Marekani, George Floyd. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Na huyo wanayemsalimia, mbona haitikii?"

Nilikosa la kusema. Mwaka uliofuata, Machi 2021, Zaha wa Crystal Palace akabaki wima kwenye mechi na West Brom, wa kwanza Ligi Kuu kufanya hivyo, akisema wazazi wake walimlea asimame kwa kujiamini na kwamba goti lenyewe linamdhalilisha. Mitandaoni wakamshambulia kama msaliti. Mimi nilimwelewa palepale, kwa ajili ya yule bibi na maharage yake.

Kayole_Finest

Wadau wa Kenya tuko hapa pia. Wakati huo tulikuwa na kafyu, kwa hivyo game nilikuwa naangalia kwa jirani wa plot, sisi wanne, wote Arsenal, maumivu ya kawaida.

Kisa changu si cha game lakini. Binamu yangu anaishi Minnesota, anafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Wiki ile baada ya Floyd kuuawa mabasi ya Minneapolis yalisimamishwa, akawa anatembea kwenda kazini, mwanamume mweusi, peke yake, usiku, mji unaungua. Alikuwa ananipigia simu njia nzima ili kuwe na mtu anamsikia. Mimi nimelala kitandani Nairobi kwangu asubuhi imeanza, nasikia viatu vyake na pumzi.

1 Juni wachezaji wa Liverpool wakapiga goti kuzunguka duara la kati pale Anfield. Nikamtumia picha. Akaniuliza, "Hao ni Wazungu pia wamepiga?" Nikamwambia ndiyo, wote. Akasema sawa, ngoja nivuke barabara.

Ni yeye alinieleza hata hilo goti lilitoka wapi. Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, 2016 alianza kwa kukaa kwenye benchi wimbo wa taifa ukipigwa. Ni Nate Boyer, aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliyemshauri apige goti badala ya kukaa, kwa sababu wanajeshi hupiga goti kaburini kwa mwenzao. Watu wanaosema alitukana jeshi hawaijui hiyo.

Simba_Damu

Usanii mtupu. Mtu analipwa mamilioni kwa wiki, anashuka sekunde kumi, anainuka. Ubaguzi umeisha?

Fundi_Redio

Mkuu Simba_Damu, kisa kiko wapi? Sheria ya uzi hiyo.

Dada_wa_Kusini

Mimi niko Uingereza mwaka wa tisa. Nimewahi kufanya kibarua cha usimamizi wa jukwaa, zile jaketi za njano, kwenye timu moja ya daraja la pili ambayo siitaji. Kitu ambacho watu hawajui kuhusu kazi ile: unasimama ukiupa uwanja mgongo. Mechi huioni. Magoli unayasoma kwenye nyuso za watu.

Kwa hiyo goti sijawahi kuliona uwanjani hata mara moja. Niliwaona waliokuwa wakiliangalia.

Nilianza Agosti 2021, viwanja vimejaa tena. Zomeazomea ilikuwa si ngeni, mashabiki wa Millwall walishazomea Desemba 2020 siku ile ya kwanza wanaruhusiwa kurudi, na Juni 2021 England yenyewe ilizomewa na mashabiki wake Middlesbrough kabla ya Euro. Nilijua itatokea. Nilichokuwa sijajua ni nani.

Safu ya tatu kulikuwa na mzee mmoja wa kiti cha msimu. Siku ya kwanza aliniona nimevaa kofia ya sufi mwezi wa nane akanicheka, akanipa peremende. Tangu hapo kila mechi peremende moja, ile ya mnanaa. Ananiuliza mama anaendeleaje. Mechi ya nne au ya tano filimbi ikalia, nyuma yangu wakashuka, na mbele yangu yule mzee akaweka viganja mdomoni akazomea. Kwa nguvu, mishipa ya shingo imetoka. Macho yetu yakakutana. Akatazama viatu vyake.

Mechi iliyofuata akaja na peremende kama kawaida. Nikapokea. Nikaitia mfukoni. Wapo watakaosema ningeikataa, na wapo watakaosema ningemuuliza. Sikufanya lolote kati ya hayo, nilikuwa na zamu ya saa sita na kodi ya nyumba.

Waliopewa nafasi ya kusema ni wakina Tyrone Mings, beki wa England. Baada ya fainali ya Euro, Rashford, Sancho na Saka walipokosa penalti wakatukanwa usiku kucha, waziri wa mambo ya ndani Priti Patel akalaani. Mings akamkumbusha kwamba ni yeye aliyeliita goti siasa za maonyesho mashindano yanapoanza, hawezi kuchochea moto halafu ajifanye kushangaa moshi. Hayo ni maneno yangu, yake yalikuwa makali zaidi. Niliyasoma kwenye basi nikayarudia mara tatu.

Mtu_wa_Seeb

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, sasa Maskati. Hapa Ijumaa jioni tunacheza mpira mchanganyiko: sisi wa asili ya Zanzibar, Wabaluchi, Wahindi, Wamisri wawili wabishi.

8 Desemba 2020 tulikuwa barazani kwa jamaa tunaangalia PSG na Istanbul Basaksehir. Yule refa wa nne, Mromania, akamtambulisha Pierre Webo, kocha msaidizi wa Basaksehir, kwa rangi yake. Neno lake kwa Kiromania ni "mweusi" tu, ndivyo walivyomtetea. Barazani tukagawika hapohapo. Mmoja akasema, "Sasa kosa liko wapi, mbona sisi twasema yule mweusi, yule mwekundu?" Na kweli twasema. Tena hatusemi kwa wema kila mara.

Demba Ba, mchezaji wa akiba, akamfuata refa uso kwa uso. Alimuuliza jambo moja tu: ukimtaja Mzungu unasema "yule mtu", husemi "yule mtu mweupe", mbona kwa mweusi unataja rangi? Yule aliyekuwa anabisha akanyamaza, maana yeye mwenyewe Unguja alikuwa akiitwa Mwarabu na hapa anaitwa Mzinjibari. Hajawahi kuwa "yule mtu" popote.

Timu zote mbili zikatoka. Kesho yake wakaletwa waamuzi wapya, wachezaji na waamuzi wakapiga goti duara la kati, PSG akashinda 5-1. Goti lile ndilo pekee lililonigusa, kwa sababu walitangulia kuondoka.

Simba_Damu

Haya, kisa. Fundi umenibana na mimi sipendi kubanwa.

2017, ndondo mtaani kwetu, robo fainali. Kipa wa wapinzani mweusi tii, mrefu, tunasikia katokea Kigoma. Nilikuwa kiongozi wa kelele nyuma ya goli lake. Dakika tisini nzima: "Washeni taa tumuone kipa!" "Cheka basi tujue uko wapi!" Watu wanaanguka kwa kicheko, na mimi nanogewa. Hakuna aliyeniambia acha, hata refa alikuwa anatabasamu. Tukafungwa moja bila.

Baada ya mechi nimesimama kwa muuza juisi ya miwa. Kipa akaja na glovu zake kwapani, akasimama pembeni yangu. Nikajua leo napigwa. Akamwambia muuzaji, "Mbili. Moja ya huyu, kapiga kelele sana, koo litakuwa limekauka." Akalipa, akanywa yake, akaondoka. Hakunitazama.

Ile juisi niliimaliza, nisidanganye. Na bado nasema goti ni usanii. Ila tangu siku ile nakaa jukwaa la pembeni.

Mama_Winga

Kisa kifupi. Binti yangu anacheza mpira sekondari. Julai 2025 tunaangalia Euro ya wanawake, Jess Carter wa England akatukanwa mtandaoni kwa rangi yake, wenzake wakatangaza kwamba kuanzia nusu fainali na Italia hawatapiga goti tena, itafutwe njia nyingine. Filimbi ikalia, wamesimama. Binti akauliza, "Mama, sasa wamegoma au wamechoka?" Nikamwambia labda vyote. Wanaume kwenye Ligi Kuu walishapunguza tangu Agosti 2022, manahodha wakachagua mechi maalumu tu. Nadhani jambo ukilifanya kila wiki linakuwa kama kurusha sarafu.

Fundi_Redio

Simba_Damu, nimekuelewa kaka. Dada wa Kusini, pole sana. Kuna mtu ana kisa cha ile ishara ya FIFA, ya kupishanisha mikono ikutane kwenye vifundo karibu na viganja? Ile waliyoipitisha Bangkok 2024, mchezaji anamwonyesha refa kwamba amebaguliwa, halafu mechi inasimamishwa, ubaguzi ukiendelea inaahirishwa kwa muda, ukizidi inavunjwa.

Filimbi_Moro

Ninacho, na kinanisumbua. Napuliza mechi za watoto hapa Morogoro, chini ya miaka 15. Mwaka jana, timu mbili za mitaa, jua la saa tisa. Winga mmoja ni mtoto mwenye ualbino, anacheza na shati la mikono mirefu chini ya jezi. Ana mbio huyo.

Dakika ya 20 hivi akasimama katikati ya shambulizi, akanigeukia, akakutanisha mikono kifuani kama kafungwa pingu. Nilidhani anaomba kutolewa. Nikamwashiria acheze. Akabaki vilevile, mikono juu. Ndipo nikapuliza.

Nikamfuata. Akasema, kwa sauti ya chini, "Wananiita dili." Watanzania mnalijua neno hilo lina maana gani kwa mtoto wa aina yake. Waliosema ni wenzake wa miaka 13, wamelishika kwa wakubwa, na sijui kama walijua kwamba wanamwambia kuna watu wangemuuza.

Sasa niamue nini? Ishara ni ya ubaguzi wa rangi. Huyu ni Mluguru kama wao. Nikasimamisha mechi. Nikawaita manahodha, nikawaita makocha, nikawaambia neno hilo likirudi navunja mchezo. Kocha mmoja akaninong'oneza kwamba nakuza mambo, ni utani wa watoto. Mpira ukaendelea, neno halikurudi, mechi ikaisha 2-2.

Jioni najaza fomu ya mchezo. Kuna sehemu ya kadi, ya majeruhi, ya uwanja. Ya hili hakuna. Nikaandika: "Mchezo ulisimama dakika nne. Sababu: mazungumzo."

Dada_wa_Kusini

Kaka, yule mtoto bado anacheza?

Filimbi_Moro

Anacheza dada. Kipindi cha kwanza winga ya kulia, upande wenye kivuli cha miembe. Wakibadilishana magoli, kocha wake anamhamishia kushoto.