Naomba ushauri: ufunguo uliohifadhiwa kwenye kerneli ya Linux unapotea umeme ukikatika

Jamaa, salamu kutoka Goma. Natunza seva ndogo ya duka la dawa huku Himbi. Zamani nywila ya hifadhidata ilikaa wazi kwenye faili, nikaihamishia kwenye kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kama "ufunguo", yaani siri inayotunzwa na kerneli, kwa mwito wa add_key. Aina ya ufunguo iitwayo "logon" ningeipenda, maana kerneli hairudishi siri yake kwa programu yoyote, lakini programu yangu lazima iisome, basi nimebaki na aina ya "user", ambayo inasomeka.

Shida ni kwamba ufunguo unakaa kwenye RAM tu, kumbukumbu inayofutika mashine ikizimika. Na huku umeme mnaujua! Mashine ikiwaka upya, lazima mtu aje kuandika nywila kwa mkono, hata saa nane za usiku. Aina ya "trusted" inategemea kifaa cha usalama ndani ya mashine, kama chipu ya TPM, na mashine hii kuukuu haina. "Encrypted" nayo inadai ufunguo mkuu wa kuifungia siri; huo nao niuweke wapi?

Halafu, ufunguo nilioweka kwenye pete (keyring, kundi la funguo) ya kikao changu cha SSH, ninapoingia kwenye seva kwa mbali, hauonekani kwa huduma inayoendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ingawa mtumiaji ni yuleyule. Nikitumia mpangilio wa systemd wa KeyringMode=shared na pete ya @u (pete ya mtumiaji mzima), programu nyingine za mtumiaji huyo si zitausoma pia? Ninyi mnafanyaje?