Mgonjwa aliyezidi mizani ya wodi: tumhudumieje kwa usalama na kwa heshima?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani, katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu kuniliko. Tumempokea mama wa makamo mwenye kisukari, ambaye mguu wake wa kulia umevimba kwa maambukizi makali ya ngozi, na kwa siku nne sasa hawezi kusimama. Uzito wake hatuujui. Mizani yetu inaishia kilo 150, na siku ile ya kwanza, alipokuwa bado anaweza kusimama kwa kushikiliwa, mshale ulifika mwisho ukabaki hapo hapo.

Kumgeuza kunahitaji watu sita, na usiku tuko wawili kwa wagonjwa zaidi ya thelathini. Juzi mwenzangu aliumia kiuno tulipokuwa tunampandisha kuelekea kichwani mwa kitanda, na hadi leo hajarudi kazini. Akilala chali anakosa pumzi na kushikwa na hofu. Ngozi ya chini ya matiti na chini ya tumbo imeanza kuchubuka. Kafu ya kupimia presha haimfungi vizuri mkononi; tunaibana hivyo hivyo, nayo hutupa namba kubwa ambazo mimi binafsi siziamini. Daktari ameandika gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kadiri ya kilo za mgonjwa, nasi tunabaki kuulizana, kilo zipi?

Jambo lililonisukuma kuandika ni hili. Mtu mmoja alipendekeza, akiwa amesimama pembeni mwa kitanda, kwamba mgonjwa apelekwe stoo akapimwe kwenye mizani ya magunia. Mama yule alisikia. Aligeuza uso ukutani na siku nzima hakusema neno. Naomba mnieleze mnavyofanya huko mliko, hasa mahali ambapo vifaa maalumu havipo.

Matroni Mstaafu

Pole sana mwanangu, na mpe pole yangu mwenzako aliyeumia. Nimefanya kazi ya wodi kwa miaka mingi, na nakuambia kwamba maumivu ya kiuno katika kazi yetu si uzembe wa muuguzi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kwamba mtumishi asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za mwili wa mgonjwa, hata pale mazingira yote yanapomsaidia. Mguu mmoja tu wa mama huyo umeshavuka kiwango hicho. Kwa hiyo acheni kabisa kumnyanyua, mtelezesheni.

Tafuteni kitambaa cha nailoni laini, kile cha kushonea mwavuli, mkikunje mara mbili ili nailoni iteleze juu ya nailoni, kisha mkiingize chini ya shuka lake kwa kumgeuza kidogo upande mmoja na kisha upande wa pili. Pandisheni kitanda hadi usawa wa viuno vyenu, na kama kinaweza kuinamishwa, inamisheni upande wa kichwa kwa muda mfupi sana mnapomvuta, kisha mrudisheni haraka kwa sababu ya pumzi. Mwombeni yeye mwenyewe akunje goti la mguu usioumwa, ashike nguzo ya kitanda na asukume mkihesabu pamoja. Watu wengi hudhani mgonjwa mnene hana nguvu, kumbe miguu na mikono iliyobeba mwili huo kwa miaka ina nguvu ambayo hatujaiomba. Mkimaliza, toeni kile kitambaa, maana akiachiwa anaweza kuteleza hadi sakafuni.

Kuhusu ngozi, mikunjo huoza kwa unyevu kabla haijaoza kwa mgandamizo. Inueni mkunjo mmoja mmoja mara mbili kwa siku, osheni kwa maji na sabuni isiyo kali, suuzeni, kisha kausheni kwa kugusa-gusa bila kusugua. Wekeni kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa katikati ya ngozi na ngozi, na kibadilishwe kila kinapopata unyevu, kwa sababu kikiachwa kimelowa kinadhuru kuliko kutowekwa. Msimwage poda, hugandamana na jasho na kukwaruza. Mkiona wekundu wenye vipele vidogo vilivyotapakaa pembezoni, mwambieni daktari, huenda ni fangasi wanaohitaji dawa ya kupaka. Angalieni pia mahali ambapo macho hayafiki: mpira wa mkojo uliolaliwa chini ya paja, mbavu za kitanda zinazobana nyonga, na nyuma ya shingo. Nimewahi kukuta kidonda cha kina kilichosababishwa na kifuniko cha sindano kilichopotea ndani ya mkunjo kwa siku tatu.

Na huyo aliyesema habari za magunia aitwe faragha na mkuu wa wodi. Yale ya kumzungumzia mgonjwa juu ya kichwa chake, kana kwamba hayupo, tulikuwa tunayakemea tangu chuoni.

Daktari wa Usingizi

Namuunga mkono Mama Matroni, nami niongeze yaliyo upande wangu.

Nianze na pumzi. Mtu mwenye unene uliokithiri akilazwa chali, tumbo husukuma kiwambo cha mapafu kwenda juu, hewa ya akiba inayobaki mapafuni hupungua, na oksijeni ya damu inaweza kushuka kwa kasi ya kushangaza. Mwacheni ameinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wote, hata wa kulala. Mwulizeni, au muulizeni ndugu anayelala naye nyumbani, kama hukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo akipewa mofini ya maumivu au dawa ya usingizi bila uangalizi anaweza kuacha kupumua. Ikitokea anahitaji kuwekewa mrija wa hewa, msimlaze bapa: pangeni blanketi chini ya mabega na kichwa hadi tundu la sikio liwe usawa mmoja na kitako cha koo, pale mfupa wa kifua unapoanzia, na apumue oksijeni akiwa bado ameinuliwa kabla ya dawa yoyote. Haya yafanywe na mtu mzoefu kuliko wote waliopo, mchana ikiwezekana, kuliko kungojea dharura ya usiku wa manane.

Namba za presha unazozitilia shaka, dada, una haki ya kuzitilia shaka. Mfuko wa hewa ulio ndani ya kafu unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzingo wa mkono. Kafu ikiwa ndogo, husoma juu kuliko ukweli, na mgonjwa hujikuta ameongezewa dawa za presha asizozihitaji. Pimeni mzingo wa mkono kwa utepe wa fundi cherehani. Ukiwa kati ya sentimita 35 na 44 anahitaji kafu kubwa ya mtu mzima, na ukizidi hapo, kafu ya paja. Isipopatikana, tumieni kafu ya kawaida kwenye mkono wa chini kati ya kiwiko na kiganja, mkono ukiwa usawa wa moyo, na muandike kwenye faili kwamba kipimo kilichukuliwa hapo, ili kesho mwingine asilinganishe vitu viwili tofauti.

Sasa dawa. Gentamaisini haiingii kwenye mafuta kwa kiwango inavyoingia kwenye maji ya mwili, kwa hiyo kutumia kilo zote ni kumzidishia, na kutumia kilo za mtu mwembamba ni kumpunja. Tunatumia uzito uliorekebishwa: chukua uzito unaolingana na urefu wake, kisha uongeze asilimia 40 ya tofauti kati ya huo na uzito halisi. Tuseme mwanamke ana urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 150. Uzito unaolingana na urefu wake ni kama kilo 52, tofauti ni 98, asilimia 40 yake ni 39, jumla kilo 91. Kwa miligramu 5 kwa kilo atapata takriban miligramu 455, wakati hesabu ya kilo zote ingempa 750, tena kwa mtu wa kisukari ambaye figo zake huenda zimeshachoka. Pimeni kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na kama kuna dawa mbadala isiyogusa figo, mshaurini daktari wenu aifikirie.

La mwisho, mtu asiyesimama kwa siku nne yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Kwa mgonjwa ambaye BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, imefika 40, madaktari wengi hutoa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, mradi figo zinaruhusu. Ulizeni kama ameandikiwa chochote. Mara nyingi jambo hili husahaulika kwa sababu kila mtu anashughulika na kumgeuza.

Fundi wa Vifaa Tiba

Naomba nijibu la mizani, kwa kuwa linawezekana kabisa bila kwenda stoo. Chukueni mizani nne zinazofanana, zijaribiwe kwa kupima mtu mmoja mmoja juu ya kila moja na kuona kama zinakubaliana. Kiwekeni kitanda kitupu chenye godoro na mashuka juu yake, kila mguu kwenye mizani yake, magurudumu yakiwa yamefungwa breki na sakafu ikiwa sawa. Jumlisheni namba nne, ziandikeni. Siku mnapomhamisha mgonjwa kwenda kitanda hicho, mtelezesheni, watu wote waachie mikono, jumlisheni tena na mtoe ile jumla ya kitanda kitupu. Hakuna mizani itakayobeba hata nusu ya uzito wake, na yeye atakuwa amelala kitandani mwake, amefunikwa, pazia limevutwa.

Kuhusu kitanda chenyewe, tafuteni kibandiko cha uzito salama wa kubeba. Wengi hukisoma vibaya. Katika kiwango cha kimataifa cha vitanda vya hospitali, kilo 200 zinagawanywa hivi: mgonjwa kilo 135, godoro kilo 20, vifaa vinavyoning'inizwa kilo 45. Maana yake kitanda cha kilo 200 hakikukusudiwa mgonjwa wa kilo 200. Kwenye vitanda vya chuma vya zamani visivyo na kibandiko, mwiteni fundi akague maungio na magurudumu, na msizungushe mkono wa kuinulia kichwa mgonjwa akiwa ameegemea kwa nguvu zote, kwa sababu parafujo ya ndani ndiyo hukatika kwanza.

Kama atapewa rufaa ya kipimo cha CT, ile picha ya mashine ambayo mgonjwa huingizwa kwenye tundu akiwa amelala, pigeni simu kabla gari halijaondoka na muulize mambo mawili, kilo ambazo meza inabeba na upana wa tundu. Meza nyingi huishia karibu na kilo 200, na tundu mara nyingi ni sentimita 70. Ulizeni pia kuhusu machela ya gari la wagonjwa.

Binti Mkubwa

Mimi si mtaalamu. Nimeuguza mama yangu mzazi, ambaye alikuwa na mwili mkubwa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku aliyopokelewa alisikia mtumishi akisema, "Huyu atatuvunjia kitanda." Baada ya hapo alikuwa anakataa maji. Nilidhani ni ugonjwa, hadi siku ya tatu aliponinong'oneza kwamba akinywa ataomba bedpani, na akiomba bedpani watu wanne wataitwa, na wale wanne wataguna. Aliamua kukaa na kiu. Mkojo ulikuwa umeshakuwa rangi ya chai.

Dada muuguzi, nakuomba umwangalie mama huyo kwa jicho hilo. Mwulize amekunywa glasi ngapi. Na sisi ndugu tushirikisheni; mimi nilikuwa tayari kufundishwa kumwosha na kumkausha, lakini kila mara niliambiwa nitoke nje kwanza.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Mama Matroni, na asanteni nyote. Narudi baada ya siku sita kuwapa mrejesho.

Mizani nne tuliziazima kliniki ya wajawazito. Mama ana kilo 171. Figo zake zilionekana zimeathirika kidogo, kwa hiyo daktari aliondoa gentamaisini na kumpa dawa nyingine, na sindano ya kuzuia damu kuganda ameanza kupata. Kafu ya paja tuliikuta chumba cha upasuaji, haijawahi kutumika. Presha iliyokuwa inasomeka 190 kwa 110 ikawa 144 kwa 88. Nailoni tuliinunua sokoni mita nne, na sasa tunamgeuza watu watatu pamoja na binti yake, ambaye ndiye anayekausha mikunjo asubuhi na jioni. Michubuko ya chini ya matiti imekauka, ya chini ya tumbo bado.

Swali la maji nilimwuliza tukiwa wawili tu. Alilia kwanza, ndipo akajibu kwamba ni kweli.

Lililobaki ni la usiku, kwani binti yake hulazimika kuondoka saa mbili, nasi tunabaki wawili kwa wodi nzima. Kama kuna mwenye hospitali ambayo imekubali kumwongeza mhudumu wa zamu kwa ajili ya mgonjwa wa namna hii, ninaomba anieleze ombi hilo waliliandikaje na walimpelekea nani.