"i7, GB 4, wati 500": hivi wauza kompyuta za gemu mnatuonaje?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, ila asije mtu kuniambia kwamba ningeuliza kwanza kabla ya kununua. Niliuliza. Nitafika huko.

Nimedunduliza zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Sikutaka makubwa. Kioo nilichonacho ni cha 1080p, Hz 60 (kinaonyesha picha 60 kwa sekunde), na ninachocheza ni gemu za mpira, mbio za magari na zile za kurushiana risasi mtandaoni na washikaji. Bajeti ni ya mtu anayehesabu. Nikamweleza muuzaji hivyo hivyo bila kujikweza, naye akanijibu kwa sentensi moja ambayo bado inanipigia kelele kichwani: "Chukua hii kaka. i7, RAM 16, grafiki kadi GB 4, pawa wati 500. Mashine nzito hiyo."

Nikalipa. Nikabeba mwenyewe.

Jioni nikawasha. Taa za rangi kwenye feni zinawaka vizuri mno, kwa hilo sina ugomvi na mtu. Gemu ya mpira ikafunguka, beki akapiga pasi, mpira ukaganda hewani kama unafikiria uende wapi. Nikashusha ubora wa picha hadi chini kabisa, nikashuka kutoka 1080p hadi 720p, nyasi zikawa zulia la kijani na mashabiki wakawa makaratasi. Nikaambulia fremu 19 kwa sekunde, tena za kurukaruka. Ndipo nikatafuta bisibisi.

Prosesa kwanza, yaani ubongo wa mashine. Ni i7 kweli, hajanidanganya hata herufi moja. Ni i7-2600. Hiyo 2 inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani kizazi cha pili, mzee wa mwaka 2011. Hiyo "i7" inakuambia tu kwamba enzi zake alikuwa mkubwa kwenye familia yake, haikuambii enzi zenyewe ni zipi. i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4 (vitengo vya kufanya kazi) na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), idadi ile ile ya huyu mzee, na inamwacha mbali kwenye gemu karibu zote. Lakini nani ataingia dukani aseme "naomba i3" mbele ya watu? Wanajua tunaona aibu, na aibu hiyo ndiyo wanayoiuza.

Na si mwendo peke yake. Prosesa za kizazi hicho hazina maagizo ya AVX2, yaliyokuja na kizazi cha nne mwaka 2013, na kuna gemu mpya zinazogoma kufunguka kabisa bila hayo. Orodha rasmi ya Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Najua kuna njia za panya za kuilazimisha Windows 11 iingie, msianze. Ninachosema ni kwamba nimeuziwa mashine "ya kisasa" ambayo programu yake ya msingi imeshafikia mwisho wa huduma. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16 zenyewe ni DDR3, aina ya zamani. Mkato wake haulingani na tundu la DDR4, kama DDR4 isivyoingia kwenye DDR5. Maana yake siku nikibadili prosesa, nabadili madabodi (ubao mkuu unaobeba kila kitu), na RAM nayo inakwenda na maji. Kitakachobaki ni kesi na zile taa.

Sasa grafiki kadi, kifaa kinachochora picha za gemu. Hapa ndipo damu inapochemka.

Nikashusha programu ya GPU-Z, ya kusoma taarifa za kadi, ya bure, haichukui hata dakika. Ikanionyesha: GT 730, kumbukumbu GB 4, aina DDR3, basi (barabara ya data) ya biti 64, upana wa njia GB 14.4 kwa sekunde. GB 4 zipo, hajaiba hata moja. Ila chukua GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, nayo si kadi ya kutisha, ni kadi ya wanyonge. Nayo ina GB 4. Lakini zake ni GDDR5 (kumbukumbu ya kasi ya kadi), basi ya biti 128, GB 112 kwa sekunde, karibu mara nane ya yangu, na vitengo vyake vya kukokotoa ni 768 dhidi ya 384. Zote mbili kwenye tangazo zinaandikwa "grafiki kadi GB 4".

Yaani nimeuziwa ghala kubwa lenye mlango wa paka. Gunia zinaweza kujaa humo ndani, shida ni kuzitoa. Kila fremu moja ya gemu inahitaji kadi isome na kuandika data nyingi kwenye hiyo kumbukumbu, na kama njia ni nyembamba, ukubwa wa ghala haukusaidii kitu. Kadi dhaifu ya namna hii haifikii hata kuzitumia hizo GB 4 kwa mwendo wa kuchezeka. Zimewekwa pale ili zisomwe kwenye boksi.

Na msidhani ni wauzaji wa mtaani peke yao. Hata viwandani mchezo huu upo. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na GDDR5, GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo la DDR4, GB 16.8 kwa sekunde, jina lile lile, GT 1030, GB 2 zile zile. GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6 mtu angedhani zinapishana kumbukumbu tu, kumbe ya GB 3 imepunguzwa na vitengo, 1152 badala ya 1280. Mwenye pesa nyingi hadithi hizi hazimgusi, ananunua ya juu anaondoka. Mitego yote imepangwa huku chini, kwa sisi wenye bajeti ndogo.

Pawa saplai nayo, kifaa kinacholisha mashine umeme. Kibandiko kikubwa: 500W. Kibandiko kidogo ubavuni, maandishi ya kusomea kwa tochi: +12V, 16A. Zidisha mwenyewe, volti mara ampea, 12 mara 16 ni 192. Prosesa na grafiki kadi, yaani vile vinavyokula umeme kweli kweli kwenye mashine ya gemu, vinalishwa na hiyo laini ya volti 12. Kwa hiyo mimi nina pawa ya wati 192, hizo nyingine muulizeni aliyebandika. Nilipompigia muuzaji kumuuliza mbona haina hata waya wa pini 6 wa kadi kubwa, akaniambia nichukue adapta, nichomeke kwenye waya za diski. Pini 6 zinaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Kuning'iniza mzigo huo kwenye waya za pawa ya namna hii ni kualika moshi ndani ya nyumba, na yeye ananiambia kama ananielekeza njia ya sokoni.

Jamaa yangu akanionea huruma, akanitumia picha za GTX 1050 Ti inayouzwa mkononi. Hiyo kwa kawaida haihitaji waya wa ziada, inakula wati 75 kutoka kwenye tundu la madabodi. Nikafurahi. Kisha nikatazama nyuma ya kadi, nikaona tundu la VGA la bluu, lile la vioo vya zamani vya analogi. Kadi za kizazi hicho zilishaacha kutoa mawimbi ya analogi. VGA pale mara nyingi ni kadi ya mwaka 2010 au 2011 iliyobadilishwa BIOS (programu ndogo ya ndani ya kifaa) ili ijitambulishe kwa jina la mwingine. GPU-Z tangu mwaka 2018 inazikamata nyingi na kuziandikia FAKE mbele ya jina. Nilimwomba muuzaji picha ya hiyo programu ikiwa wazi. Akanizuia nisimtumie ujumbe tena.

Haya, tuje kwenu wataalamu wa humu jukwaani, maana mlidhani mmepona.

Kabla sijanunua niliuliza. Nilitaja bajeti, nikataja na kioo changu. Wa kwanza akasema i3 si ya wanaume, ongeza kidogo uchukue i5. Wa pili akasema i5 hiyo itabanwa na kadi, yaani kimoja kitamchelewesha mwenzake, ongeza kidogo. Wa tatu akasema kadi hiyo bila kioo cha Hz 144 ni matusi, ongeza kidogo. Kufikia jioni "kidogo" zenu zilikuwa zimeizidisha bajeti yangu mara mbili na bado mlikuwa mnabishana kuhusu feni. Mmoja akaniletea tovuti inayopiga hesabu kwa asilimia, hadi desimali, prosesa ipi "inaibana" kadi ipi, bila kuuliza ni gemu gani wala kioo gani. Kubanwa kunabadilika kutoka gemu moja hadi nyingine, hata kutoka ramani moja hadi nyingine ndani ya gemu ile ile! Hiyo asilimia moja ya maisha yote mnaitoa wapi? Mwingine akanishauri Xeon, prosesa ya seva iliyostaafu, viini kumi na ngapi sijui, vyote vya mwendo wa pole, kana kwamba nataka kufungua benki. Na yule wa "nunua koni tu", yaani mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, hakukosekana, huyo simjibu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza nacheza nini. Akasema: chukua Ryzen 5 5600G, ina viini 6 na nyuzi 12, na picha inatoka kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo anza bila kadi. Weka RAM vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, maana grafiki ya ndani inakopa kumbukumbu kutoka kwenye RAM, na kijiti kimoja kinaipa nusu tu ya njia. Hela inayobaki iweke kwenye pawa saplai ya maana na SSD (diski ya kasi). Kadi utanunua ukijipanga, na kama madabodi ni ya zamani, hakikisha BIOS yake imesasishwa kabla hujabeba, la sivyo itawaka bila kuonyesha kitu. Akaongeza kwamba 5600G ina kashe (kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ndogo kuliko 5600 ya kawaida, MB 16 dhidi ya 32, hivyo siku nikiweka kadi kubwa nitaliona pengo kidogo. Na akanionya nisiende kununua Intel yenye F mwishoni, kama 12100F, halafu nikashangaa kioo cheusi, kwa sababu hiyo F ni kusema haina grafiki ndani.

Mlimcheka. Mkamwambia anaishi kimaskini. Na mimi, nakiri, nikamwona hivyo hivyo, kwa sababu hakutaja i7 wala GB 4 wala wati 500. Ndugu, kama unasoma, nisamehe.

Jana nilirudi dukani na mashine begani na picha za vibandiko kwenye simu. Nilikuwa nimejipanga kwa hotuba. Muuzaji akanisikiliza vizuri, hakunikatiza, kisha akauliza, "Kwani kaka, umeandikiwa i7 ukakuta i5?" Nikasema hapana. "Umeambiwa GB 4 ukakuta mbili?" Hapana. Akafungua mikono.

Baadaye akalegea, akasema kwa kuwa mimi ni mteja wake atanisaidia. Niongeze hela kidogo, anibadilishie kadi, anipe ya GB 8.

Nikamuuliza GB 8 za aina gani, DDR3 au GDDR5, basi ya biti ngapi, mfano gani.

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Kaka," akasema, "GB nane."