Nafunga, naomba, naanguka tena: neema inapokelewaje?

Chombo cha Udongo: Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri. Nimeokoka zamani, Neno nalisoma, kufunga nafunga. Kuna udhaifu mmoja unanirudia. Nikiwa kwenye mfungo nasimama imara, nikimaliza tu, naanguka palepale. Naogopa Mungu amenichoka. Najiandaa kwa mfungo wa siku 40. Nifanyeje ili neema itende kazi ndani yangu?

Mzee Baraza: Vijana mnataka neema ya mteremko. Sisi tulikesha, magoti yakaota sugu. Nilikuwa kiongozi wa maombi miaka mingi na sikuwahi kukosa mkesha.

Nahodha: Mzee wangu, mwenzio kauliza njia, wewe unamwonyesha viatu vyako 😄. Mleta mada, udhaifu gani?

Chombo cha Udongo: Naomba nisiutaje. Udhaifu ni udhaifu.

Msomaji: Mabishano haya ni ya kale. Pelagius, mwalimu wa dini wa karne ya 5, alifundisha kwamba mtu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa hiari yake mwenyewe. Kilichomkera ni sala ya Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, aliyemwomba Mungu ampe kwanza kile anachomwamuru. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius. Siku zako 40 zinanukia upande wake. Nani mwingine anajua shida yako?

Chombo cha Udongo: Hakuna.

Bi Tumaini: Hakuna hata mmoja? Mwanangu, sema.

Chombo cha Udongo: Ni pombe. Nakunywa kila usiku wakishalala. Tatizo ni kwamba nilishasimama kanisani nikashuhudia kuwa nimefunguliwa. Kuna kijana aliacha pombe kwa ushuhuda ule, na ndiye ninayemlea kiroho mpaka leo. Nikisema, nitamwangusha. Ndiyo maana nimeamua nishinde kwanza, kisha nimweleze mchungaji. Nije na ushuhuda, nisije na aibu.

Mzee Baraza: "Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu." Yakobo 4:6. Acha huduma leo hii!

Shaka Tupu: Hii chai. Akaunti mpya, mlevi wa siri, kijana anayemlea, vyote vimekaa sawasawa. Huyu ni mhubiri anaandaa somo la Farisayo na mtoza ushuru, anatuchota maoni.

Nahodha: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Bi Tumaini: Mimi sijiulizi. Mume wangu alificha hivyohivyo, na alisimulia kwa mpangilio huohuo kwa sababu alikuwa amejisimulia kichwani kwa miaka. Mleta mada, anayekunywa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Ukichanganya na kufunga ni hatari ya kifo. Muone daktari kabla hujaacha.

Chombo cha Udongo: Sijatunga. Ila kusema kabla sijashinda ni kulidhalilisha jina la Yesu.

Msomaji: Jina la Yesu, au lako? Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikuja kwa nabii Elisha kuponywa, akiwa na fedha, dhahabu na farasi. Alipoambiwa aoge Yordani mara 7 akaondoka kwa hasira, mpaka watumishi wake walipomuuliza: kama nabii angekuambia jambo kubwa, usingelitenda? Siku 40 ndilo jambo lako kubwa. Dogo ni kumwambia mchungaji "nakunywa". Na Paulo je? Aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Aliwaandikia Wakorintho habari hiyo bila kudai kwamba mwiba umeondoka. Hakusubiri apone ndipo ashuhudie.

Chombo cha Udongo: Hilo la Paulo sikuwahi kuliona hivyo. Na kijana wangu? Asikie kwangu au kwa mchungaji?

Bi Tumaini: Mchungaji kwanza, na daktari. Kijana mwambie wewe mwenyewe, mchungaji akiwepo, ili siku hiyo asibaki bila wa kumshika mkono. Usipige simu usiku huu kama umeshakunywa.

Shaka Tupu: Alete mrejesho ndipo nitaamini.

Chombo cha Udongo: Nimemwandikia mchungaji kwamba nahitaji kumwona kesho. Sijamwambia ni kuhusu nini. Mfungo bado naufikiria.