Mume wangu mpole kamnyanyulia mdogo wake nyundo, naombeni ushauri

Mama Kulwa:
Wakuu, habari za usiku. Naandika watoto wamelala, mwenyewe yupo safarini, anarudi keshokutwa.

Mume wangu ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, mara nyingine anavuka mpaka Lubumbashi. Pale mtaani wapangaji wakigombania luku au zamu ya maji, yeye ndiye anayeitwa kusuluhisha. Jumapili alikuwa anagongelea bawaba ya mlango, simu ikawa inaita, anakata, inaita tena. Wale wa mkopo. Mdogo wake, ambaye tunaishi naye, alikuwa kwenye kochi, akacheka: "Pokea bro, watakuja kubeba na kitanda." Utani wa kila siku. Mume wangu hakujibu kitu. Alinyanyuka na nyundo. Shemeji akakwepa, ikatua ukutani, plasta ikabanduka hadi tofali likaonekana. Kisha akakaa chini mikono inamtetemeka, ananiuliza mimi, "Nimefanya nini?"

Mama mkwe anasema mwanawe karogwa. Mimi najiuliza mtu mwema anageukaje hivyo ghafla? Nimsubiri tuongee au niondoke na watoto?

Kibonge wa Tandika:
Pole dada. Ila na huyo shemeji apunguze mdomo. Mtu anadaiwa, simu inaita, halafu unamchekea? Anakula bure na utani juu.

Bi Nasra:
Kibonge, mtu akinitania namnunia, simpasui kichwa. Mama Kulwa, nijibu kwa ukweli: wewe hajawahi kukugusa?

Nesi wa Zamu:
Mama Kulwa, pole sana. Nafanya kazi wodi ya afya ya akili, wapi nisiseme. Hiyo "ghafla" ndivyo mlivyoiona mliokuwa sebuleni. Mwilini mwake ilishaanza zamani.

Ubongo una sehemu ndogo ndani, amigdala, inayopiga kengele ya hatari kabla hujafikiri. Moyo unakimbia, adrenalini inamwagika, misuli inakaza. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosema "tulia, huyu ni mdogo wako." Mtu asiyelala vizuri, anayekunywa, au anayeishi kwa hofu ya deni, breki hiyo ya mbele inalegea na kengele inalia kwa jambo dogo. Na wapole wengi hawana mahali pa kutolea. Wanameza tu, sisi tunawasifu kwa kumeza.

Naomba majibu: akiwa barabarani analala saa ngapi? Anatafuna mirungi au kumeza vidonge vya kukesha? Amewahi kugonga kichwa? Amekonda, anatoka jasho na mapigo ya moyo yanaenda mbio? Tezi ya shingo nayo ikizidisha kazi humfanya mtu awe mkali.

Msoma Usiku:
Kuna kisa cha Marekani, Charles Whitman. Kijana aliyeonekana wa mfano, aliwahi kuwa mwanajeshi wa majini. Agosti 1, 1966 alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin akaanza kupiga watu risasi, baada ya kuwaua mama yake na mkewe. Aliacha barua akiomba ubongo wake upasuliwe uchunguzwe. Wakakuta uvimbe. Kwa hiyo Mama Kulwa, inaweza kuwa uvimbe.

Nesi wa Zamu:
Msoma Usiku, usimtishe mwenzako. Wataalamu hawakukubaliana uvimbe ule ulichangia kiasi gani. Halafu umeruka kipande muhimu. Machi mwaka huohuo Whitman alikwenda mwenyewe kwa daktari wa akili wa chuo, akakiri kwamba aliwahi kumpiga mkewe, akasema anawaza kupanda ule mnara na bunduki. Miezi minne kabla! Watu walishangaa Agosti, lakini mkewe asingeshangaa sana.

Mkusanya Madeni Mstaafu:
Niongee la simu. Niliwahi kufanya kazi ya kupigia wadaiwa wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya kwenye simu. Tulikuwa tunafundishwa tusimpigie mdaiwa peke yake, tumpigie mkwe, bosi, hata mchungaji, namba zote zilizo kwenye simu yake. Pesa ilikuwa inalipwa kwa aibu. Mwanaume anayesuluhisha mtaa mzima, akijua kesho mjumbe atapigiwa, halali huyo. Benki Kuu (BoT) walishafungia programu nyingi za mikopo za aina hiyo mwaka 2024. Aangalie kama mkopeshaji wake ana leseni, kama hana akaripoti.

Wakili Msomi:
Mimi nawaona wakishafika mahakamani, nyundo ikiwa imeshaua. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kushusha mauaji kuwa kuua bila kukusudia kama mtu alichokozwa ghafla na hasira haijapata muda wa kupoa. Watu husikia hivyo wakadhani ni nafuu. Kuua bila kukusudia kunaweza kukupa kifungo cha maisha. Na sioni hakimu atakayekubali kwamba "watabeba kitanda" ni uchokozi wa kiwango hicho. Hapo unabaki na kunyongwa.

Mama Kulwa:
Nimesoma yote. Mirungi, ndiyo, anasema bila hiyo hafiki Tunduma. Lori lilimpindukia mlima Kitonga mwaka jana, akagonga kichwa, akaona yupo sawa, hakwenda kupimwa. Tangu hapo kichwa kinamuuma na taa hataki izimwe.

Bi Nasra, mwezi wa nne alinisukuma nikaangukia kabati. Nikasema uchovu.

Bi Nasra:
Basi mdogo wangu, hiyo si mara ya kwanza. Keshokutwa asikukute peke yako na watoto. Nenda kwa dada yako au kwenu, mazungumzo yafanyike mbele ya mkubwa anayemheshimu. Akinyanyua mkono tena, kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto, huhitaji kuwa umevunjika ndipo uende. Na shemeji naye atafute pa kulala.

Mama Kulwa:
Baba yake mkubwa amekubali kuja. Mama mkwe bado anataka twende kwa mganga kwanza.

Nesi wa Zamu:
Mama mkwe mwambie maombi yataendelea, ila hospitali ndiyo kwanza. Mkifika, usiseme "ana hasira," mtapewa dawa ya maumivu mrudi nyumbani. Sema: lori lilipinduka, aligonga kichwa, tangu hapo kichwa kinauma na taa hataki izimwe, anatumia mirungi, ameshanyanyua nyundo na ameshamsukuma mkewe. Andika kwenye karatasi, baba mkubwa asome. Yeye mwenyewe atakuwa anasema yupo sawa.