Kaninyang'anya soda mkononi. Soda IMESHAFUNGULIWA. Dodoma tumefika huku?

Wakuu, mods msiuunganishe huu uzi na ule wa posho. Huu una damu.

Yule jamaa mnamjua. Kila semina hapa Dom yupo, kitambulisho kinaning'inia mpaka kitovuni, anatembea kama yeye ndiye aliyeihamishia serikali huku. Simtaji.

Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Siku ya pili leo nimekaa nyuma ya spika nasikiliza elimu ya bure. Asubuhi huyohuyo kashika maiki analia. Eti WHO, shirika la afya duniani, kwa miaka mingi michango ya lazima ya nchi wanachama haikufika hata robo ya bajeti, iliyobaki ya hiari, na hiyo ya hiari nyingi inakuja imeshabandikwa jina: hii ya polio, hii ya nchi fulani, usiguse. UNICEF ya watoto na WFP ya chakula ndio kabisa, ni hiari mwanzo mwisho. Mfadhili anakupa hela huku kakushika mkono! Nikampandishia sauti kidogo, kwa huruma.

Saa nne, chai. Nachukua soda moja. MOJA. Nafungua, inalia tsss, nainua. Bwana huyu anaidaka chupa imebaki kidole kimoja kufika mdomoni: "Samahani fundi, hizi zimetengwa kwa washiriki." Akaondoka nayo. Ukumbi mzima unatazama. Mpaka sambusa zilinitazama.

Soda iliyofunguliwa anakwenda kumpa mshiriki gani? Si wewe uliyelia asubuhi? Tsss ilishalia, jamani!

Mchana maiki yake imekata mara tatu. Sijui ni umeme.

Mgogo wa Kisasa: Chai hii.

Fundi Spika (mleta uzi): Siyo chai, ni soda. Ungesoma.

Mama Keki: Ulisaini karatasi ya mahudhurio?

Fundi Spika: Sikusaini.

Mama Keki: Basi kaka wewe ndio mchango wa hiari wenyewe 😂

Babu Chako: Mnamcheka ila hoja anayo. Harusi ya shemeji yangu pale Makole, mjomba alichanga laki tano kwa sharti ziende kwenye keki tu. Keki ghorofa nne, wali umeisha meza ya sita. Kamati ina hela na watu wana njaa. Hayo mashirika ndivyo yanavyoishi.

Mtu wa Mahesabu: Ndiyo maana 2022 nchi za WHO zilikubaliana ya lazima ipande taratibu mpaka nusu ya bajeti ya msingi. Januari 2025 Marekani ikatangaza inajitoa. Mchangaji mnene katoka kwenye grupu usiku, kamati imebaki inatazamana.

Mgogo wa Kisasa: Hata akibaki, si anachagua keki.

Fundi Spika: Turudi kwenye soda wakuu. Imefunguliwa!

Dada wa Nzuguni: Bora wewe umenyang'anywa soda. Mimi mwezi huu nina kadi tano za michango, moja ya mtu aliyeniona mara moja kwenye daladala. Nikasema nitaahidi baadaye, kanitangaza kwenye grupu kwa jina!

Babu Chako: Ulitoa?

Dada wa Nzuguni: Nilitoa. Kadi ikaandikwa single, mume wangu akalala bila wali.

Mama Keki: Na mimi keki ya ghorofa tatu nimepeleka mwezi uliopita, salio mpaka leo "kamati haijakaa".

Mgogo wa Kisasa: Kamati za harusi hapa mjini zichunguzwe.

Fundi Spika: Soda jamani

Dada wa Nzuguni: Mama Keki, za ghorofa mbili unafanyaje? Kuna send-off Jumamosi.

Mama Keki: Njoo PM mpenzi. Ila cash, ahadi sipokei.

Babu Chako: Nani ana zabibu za Hombolo huko?