Majibu ya homa ya ini B: mume chanya, mimi nina hasi moja na chanya mbili

Mama Eliya, Kiborloni
Wapendwa, mume wangu alichangia damu, baadaye wakamwita: HBsAg chanya. Aliyempa majibu akamwambia "hii ni mbaya kuliko ukimwi", basi, akaita mwingine. Jumapili tulipanda Kibosho kwenye kipaimara. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipomfikia, kaka yake mkubwa akaidaka, akamletea chai kwenye kikombe cha plastiki, peke yake. Mume wangu alikishika mpaka chai ikapoa, hakunywa.
Nami nimepima: HBsAg hasi, anti-HBs chanya, anti-HBc chanya. Sijawahi kuchanjwa homa ya ini. Ninao au sinao? Na mtoto wa darasa la tatu?

Mpimaji wa Sakina
Pole sana mama Eliya. Niko maabara hapa Arusha, ngoja nikusomee.
HBsAg ni gamba la kirusi chenyewe. Likionekana, kirusi kimo. Anti-HBs ni kinga. Anti-HBc anayo aliyewahi kukutana na kirusi tu, chanjo haiileti. Maana yake uliambukizwa zamani na mwili wako ukakishinda. Huambukizi mtu, na huna haja ya chanjo. Ila siku ukipewa dawa za kushusha kinga, mfano za saratani, mwambie daktari, maana masalia ya kirusi yaliyolala mwilini yanaweza kuamka.
Mzee arudie HBsAg baada ya miezi 6. Ikiwa bado ipo, ni sugu, yaani ya kudumu. Apimwe na HBeAg (kuona kama kirusi kinazaliana kwa wingi), ALT (kuona kama ini linaumia) na wingi wa virusi. Hapo ndipo daktari anaamua kama ni dawa au ni kufuatiliwa tu. Wengi hawaanzi dawa mara moja.
Mtoto: tazama kadi ya kliniki. Tangu 2002 chanjo hii wanapewa wachanga. Hata hivyo mpimeni.

Baba Neema, Majengo
Ninayo tangu 2016 na bado nalima. Dada, kirusi hiki hakipiti kwenye kata wala sahani. Kinapita kwenye damu, ngono, na kwa mama anapojifungua. Wembe na mswaki ndivyo msichangie. Mbege aiache kweli, lakini kwa ajili ya ini lake, siyo kwa kumwogopa. Na ndugu zake wa tumbo moja wapime, wengi tuliambukizwa tungali wadogo.

Mama Eliya, Kiborloni
Mungu awabariki. Nimempigia shemeji, nikamsomea yote. Alinyamaza sana, kisha akaniuliza kipimo kinafanyika siku gani.